Gharama ya Kurudi Mikono Mitupu

Kiegeani, Jumapili jioni

Hawa mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, kwa hiyo sitaanza kukuandikia kwamba mie mzima, hofu ni kwako tu. Mie si mzima. Tangu ulipopanda bodaboda kwenda Kirongwe kuwaaga watu wa kwa baba yako, nimekaa hapa barazani na kalamu mkononi, na kila nikitaka kuanza machozi yananitangulia. Mwanao Rukia nimempeleka kwa jirani akacheze, asije akaniuliza bibi unalia nini.

Boti ni kesho alfajiri. Ukirudi jioni hii kutakuwa na watu, chakula, mabegi ya kufunga, na mie na wewe hatujawahi kujua kusemezana mbele ya watu. Hata tukiwa wawili hatujui sana. Ndiyo maana naandika. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako, uisome ukifika Dar au ukifika huko Shelisheli, mradi uisome kabla ya mshahara wa kwanza.

Sitakwambia uswali, unaswali. Sitakwambia ule vizuri, ufunge mlango, uchague marafiki. Wewe ni mwalimu wa hesabu, mtu mzima, na mambo hayo bibi yako alikufundisha vizuri kuliko ambavyo ningekufundisha mie. Nina jambo moja tu, nalo ni lile neno ulilosema wiki iliyopita tulipokuwa tunakula. Uliniambia, "Mwaka wa kwanza siji, Mwalimu. Acha nijipange kwanza." Ukaendelea kuchambua samaki wa Rukia. Mie tonge likanikwama kooni. Ulidhani ni mwiba, ukakimbia kuniletea ndizi nimeze. Haukuwa mwiba, Hawa. Neno hilo hilo nililisema mie nikiwa na umri kama wako, na wewe ukiwa mdogo kuliko Rukia alivyo sasa.

Habari za safari yangu ya Maskati unazijua kama watu wanavyozisimulia: Biubwa aliachwa na mumewe, akajikaza, akaenda Uarabuni kufundisha, akarudi akajenga nyumba ya matofali. Hivyo tu. Mengine hakuna anayeyasimulia kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Kazi alinitafutia mama mmoja wa ukoo wetu aliyeolewa kule. Ilikuwa shule ndogo ya chekechea ya mtu binafsi, watoto wa watu wanaosema Kiswahili nyumbani, mie niwafundishe kuhesabu na nyimbo. Nilipotajiwa mshahara kwa riale nilichukua karatasi nikauzidisha kwa shilingi. Loo! Nilicheza uani peke yangu. Nikamwambia mama, mwaka mmoja tu, mama, tunaezeka bati. Na wewe nimekuona juzi na simu yako, unazidisha rupia za Shelisheli kwa shilingi, unatabasamu. Sikusema kitu. Nilikuonea huruma.

Mshahara wa huko uhesabu kwa pesa ya huko, mwanangu. Ukiuzidisha kwa shilingi utajiona tajiri. Kisha mkono utazoea, utazidisha na nyanya, utazidisha na sabuni na nauli, na utalala njaa huku una pesa mfukoni. Mie ndivyo nilivyofanya. Wiki za mwanzo nilikula mkate na chai kwa sababu kila nilichokigusa dukani kilinitisha. Chumba ni pesa, maji ya kunywa ni pesa. Kutembea kwa miguu kwenda shule huwezi, jua la kule unafika darasani nguo zimekushika mwilini, kwa hiyo teksi, pesa. Kiyoyozi nilikuwa nakizima nikiwaza bili, nalowesha kanga, najifunika, nalala sakafuni.

Siku moja nikasema, mie mtu wa Mafia nitakosaje samaki? Nikajitosa sokoni. Kumbuka sikuwa nimewahi kununua hata ndimu maishani mwangu, ndimu naokota. Nikamwona changu mmoja, wa kawaida tu, nikauliza bei. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiarabu anayesema Kiswahili safi kama cha kwetu. Akanitajia. Nikacheka, nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Mzee, samaki kama huyu kwetu tunampa paka." Akamchukua, akamrudisha juu ya barafu taratibu, akasema, "Haya bibi, mwambie paka wako akuletee." Watu wote wakageuka. Nilitoka pale na jasho la aibu. Kesho yake nikarudi na adabu zangu, nikanunua kichwa cha jodari, nikapika mchuzi wa nazi ya kopo, nikala nikalia.

Nakusimulia ucheke, maana hayo yana mwisho. Gharama za sokoni mgeni huzizoea. Utajua duka la bei nafuu, utajua siku ya mboga, mtachangiana gesi na wenzako wa nyumba ya walimu. Rafiki yako aliyekutangulia amekwambia vitunguu vinakuja kwa meli na bei yake ni balaa. Utavinunua viwili viwili, utaishi. Kilichoniumiza mie mpaka leo ni vitu viwili nilivyoviona ghali na havikuwa ghali.

Cha kwanza ni simu. Kijijini kwetu hakukuwa na simu siku hizo. Kulikuwa na duka moja lenye simu Kilindoni mjini, mie na bibi yako tulikuwa tunaagana kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala, atakuwa pale. Kadi ya kupigia ilikuwa inakula chakula changu cha siku kadhaa. Bibi yako alikuja nawe mgongoni. Namsikia anakwambia, "Hawa, mama huyu, sema naye." Wewe kimya. "Mwambie hujambo mama." Kimya. Nasikia unavyopumua tu kwenye mkono wa simu, kama mtoto mwenye mafua, na dakika zinakwenda. Kadi ikakatika sijamuuliza mama hata habari ya mguu wake. Mwezi uliofuata vile vile, na wa tatu vile vile. Mwezi wa nne nikamwambia, "Mama, usimlete tena mtoto. Anamaliza kadi bure."

Bibi yako unamjua alivyokuwa, mtu wa kujibu. Siku ile alisema, "Haya," basi. Hakukuleta tena.

Bure, Hawa. Nilisema bure. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, sijafanya hesabu mbaya kama ile. Siku hizi nikikusikia umelala chumba cha pili, unavyokoroma kidogo ukiwa umechoka, nasimama mlangoni nasikiliza.

Utaniambia siku hizi kuna simu za picha. Zipo, na mie nitampigia kila siku akuone. Lakini Rukia atakutazama kidogo tu kisha atakimbilia kuku. Usikate. Usiseme haya basi nitapiga baadaye. Mtazame anavyokimbia, msikilize anavyogombana na kuku, acha bando liishe. Bando limenunuliwa kwa kazi hiyo.

Cha pili ni kuja nyumbani. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hata bibi yako alikufa hajui. Mwaka wa kwanza shule ilipofungwa, pesa ya tiketi nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo yote. Ilikuwa chini ya godoro kwenye bahasha, na mwenye shule alikwisha kuniruhusu. Sasa nikaanza kufikiri nitashuka vipi bandarini Kilindoni. Mtu katoka Uarabuni, anashuka na kijibegi! Nikaanza kuhesabu nyumba. Dada zake mama, huwezi kumruka mmoja. Majirani. Walimu wenzangu. Mwalimu wa chuo aliyenisomesha. Na watu wa kwa baba yako, maana nisipowapa watasema nalipiza kisasi cha talaka. Na wote, mwanangu, wanataka blanketi! Mafia na joto hili, watu wanalala milango wazi, lakini kila nyumba inataka blanketi la Maskati, lile zito lenye picha ya chui, walikunje, waliweke juu ya kabati, wageni walione. Nikaingia madukani. Nilipomaliza nyumba zote, pesa ya tiketi ilikuwa imekwisha. Nikamwandikia mama: mwaka huu siji, acha nijipange.

Mwaka wa pili mablanketi nikampa mtu anayekuja Tanzania ayafikishe. Unajua kilichotokea? Watu walifurahi, wakaniombea dua, wakaagiza mengine. Udi, mabaibui, chupa za chai. Sikuwakatalia. Nilikuwa na raha ya kusikia kwamba jina langu linatajwa. Nikajiambia, nikija mwakani nitakuja nimekamilika. Mwaka wa tatu nao nikasema hivyo hivyo, na hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuja mwaka wa nne, na masanduku mawili makubwa. Mlikuja kunipokea Kilindoni. Ulikuwa na gauni la kijani, nywele umesukwa vizuri, umekuwa mrefu, meno ya mbele hayapo. Sikukutambua mpaka nilipomwona aliyekushika mkono. Ukanipa mkono kwa adabu zote, "Shikamoo." Nikasema, "Marahaba mwanangu," nikapiga magoti nikukumbatie. Ukarudi nyuma, ukamvuta bibi yako kanga, ukamuuliza, "Mama, huyu mgeni atalala wapi?"

Unakijua kisa hicho. Kinasimuliwa kila kwenye harusi ya ukoo, watu wanashika mbavu, na wewe mwenyewe unacheka. Mie nacheka na wenzangu. Sijawahi hata siku moja kukicheka moyoni.

Nilikuwa nimekununulia viatu vyekundu. Nilivinunua kwa kukadiria, na mguu niliokuwa naukumbuka ni ule niliouacha. Viliingia vidole tu. Mama akasema tumpe mtoto wa jirani, ukaanza kulia. Siku ile nzima ulilia mara moja, ukalilia viatu. Jioni watu walikunja mablanketi yao mapya wakaenda zao, na wewe ukaenda kulala chumbani kwa bibi yako kama ulivyozoea.

Maskati sikurudi tena. Baadaye ukaingia darasa la kwanza, nikawa nakufundisha. Watoto wote wananiita Mwalimu, na wewe ukaniita Mwalimu, tukirudi nyumbani ukaendelea nalo. Watu wanakusifu, mtoto ana heshima huyu, hata nyumbani anamwita mamake Mwalimu. Mie sikuwahi kupata mdomo wa kukuomba uniite vingine. Mama ulikuwa naye. Siku tuliyomzika ulilia "mama yangu, mama yangu," na mie nilikuwa nimekushika mabega, nakufuta machozi kwa upindo wa leso yangu. Hukukosea, Hawa. Ndiye aliyekulea. Lakini nilitamani ardhi inimeze.

Sisemi usiende. Nani atasema hivyo? Miaka mitatu umefundisha kwa kujitolea, unapewa posho ya sabuni, na baba yake Rukia tangu aoe kwingine hajaleta hata kibaba cha mchele. Bati hili linalonifunika ni la Maskati. Ada yako ya chuo ilianzia kule. Nenda, ufanye kazi. Ila mkataba wako nimeusoma, miwani yangu bado inaona: tiketi wanakulipia ukimaliza miaka miwili. Ya katikati ni juu yako. Basi pesa ya tiketi ya Desemba, shule zikifungwa, usiiweke kwenye akiba. Akiba watu huichezea, wanaumwa huku, wanaoa huku, wanapiga simu, na wewe moyo wako mwepesi. Iweke kwenye matumizi ya kila mwezi, hapo hapo penye mchele na mafuta ya kupikia. Mwezi ambao hukuitoa, jione umelala na njaa.

Na zawadi, sahau. Najua unavyosema moyoni, kusema ni rahisi. Niliwaona ndugu Ijumaa kwenye dua yako ya safari. Tulipomaliza kula tu wakaanza. "Hawa, mie simu tu, siyo lazima kubwa." "Mie mafuta mazuri ya ngozi." "Sisi wa kwa baba yako usitusahau." Wanacheka, na wewe unacheka, inshaallah, inshaallah. Lakini nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, nikaviona vidole vyako chini ya leso, unakunja kimoja kimoja.

Kwa hiyo jana, nilipokuambia nakwenda kliniki, sikwenda. Nilikwenda Kirongwe kwa shangazi yako Siti. Nilimchagua yeye kwa sababu akishasema yeye, kisiwa kizima kimesikia. Nilimkuta anakuna nazi. Sikukaa hata kwenye mkeka, nikamwambia, "Wifi, Hawa akija Desemba anakuja bila kitu. Nakuomba msimtazame mkono."

"Ala!" akasema. "Mie leo ombaomba, wifi? Yale maneno ya shughulini tu. Nilikuwa namtania mtoto."

"Yeye hakutaniwa. Amehesabu."

Akanitazama. Akaendelea kukuna kidogo, kisha mkono ukasimama juu ya mbuzi. "Kwa hiyo wewe miaka ile yote hukuja kwa sababu yetu sisi?"

Sikutegemea aseme hivyo. Nikamwambia, "Ningekuja mikono mitupu mngesema."

Nilidhani ataruka, ataapa. Hakuruka. "Tungesema," akasema. "Wallahi tungesema, wifi, na mie ndiye ningeanza. Tungesema siku mbili tatu, tukanyamaza. Ungekaa na mwanao. Kwani maneno yetu yanadumu?" Akanyanyuka akanikalisha, akaniletea maji.

Siku mbili tatu, Hawa. Niliyaogopa maneno ya siku mbili tatu. Njiani kurudi nililia mpaka kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki, akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia ndiyo, wa zamani, twende.

Shangazi yako hatakuambia leo kwamba nilifika, nimemwapisha. Lakini ameniahidi kwamba atakayekuuliza umeleta nini atamjibu yeye, na unajua majibu yake. Wengine watasema. Watasema huyu kaenda kufanya nini huko, mbona kaja na begi la mgongoni. Waache waseme. Wewe pita na mwanao mkononi.

Ninakupenda. Naandika kwa sababu mdomoni neno hilo halijawahi kunitoka, na kesho bandarini halitatoka, nitakuambia tu angalia mabegi yako.

Sasa jambo la mwisho, kisha nikamchukue Rukia kabla ya maghribi. Wiki iliyopita aliniita mama, ukasikia, ukacheka ukasema kakosea. Mie nikamwambia hapana, mie bibi, mama ni yule pale. Nitaendelea kumwambia hivyo kila siku. Picha yako nimeibandika karibu na kitanda chake, atakuaga akilala, atakuamkia akiamka. Mchana nitaweza. Lakini itafika siku atashikwa na homa, wewe uko mbali, atalia, atanishika shingo kwa mikono yake ya moto na ataniita mama, tena na tena. Zamani nilikuwa namwonea bibi yako uchungu kwamba alininyang'anya wewe. Hakuninyang'anya kitu. Aliitwa. Na mie siku hiyo, Hawa, nitaitika, kwa sababu sitaweza kumwacha mtoto analia bila kumjibu. Njoo Desemba. Njoo na nguo uliyovaa. Njoo kabla sijazoea kuitika.

Mimi niliyekuzaa,
Biubwa